Waya wa Tatu

Mume wangu anaogopa mende. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani nimekaa hapa kumpamba. Mende akitokea jikoni, mwanamume mzima na mabega yake yale anapanda juu ya kiti na kuniita, na mimi ndiye ninayevua kandambili. Akilala anakoroma mpaka vikombe vinagongana kabatini. Akiimba, na anapenda kweli kuimba, hapati sauti sahihi hata kwa bahati mbaya. Basi huyo ndiye ninayetaka kumsimulia. Ni fundi wa lifti, na ni baba wa watoto wangu watatu. Wawili wa kwanza wameshaondoka nyumbani wana maisha yao, amebaki wa mwisho, binti wa miaka tisa tunayemwita Kitinda, ndiyo maana mtaa mzima unamwita yeye Baba Kitinda.

Ufundi wa lifti ni kazi isiyo na shukrani. Lifti ikienda vizuri hakuna anayekumbuka kwamba kuna fundi duniani. Ikikwama dakika tano, anatukanwa yeye na ukoo wake wote. Anarudi nyumbani ananuka grisi, magoti yanamuuma kwa kupanda na kushuka ngazi za chuma, na bado kesho anaamka anajipigia mluzi. Niliwahi kumuuliza kwa nini hakusomea kitu kingine, akaniambia anapenda ile sauti ya mlango wa lifti ukifunga sawasawa. Sikumwelewa, na mpaka leo simwelewi. Lakini siku ile nilimpenda zaidi, acha niseme ukweli.

Sasa ili uelewe yaliyotokea, lazima kwanza nikupe habari ya nyaya. Mlango wa lifti una swichi yake. Mlango usipofungika, umeme haupiti, na lifti haiondoki hata uipigie magoti. Hicho ndicho kinachozuia mtu asibanwe mwili nusu ndani nusu nje. Lakini fundi akiwa anaikagua, kuna wakati anataka iende huku mlango uko wazi, aone mwenyewe kinachofanyika. Basi anaunganisha ile swichi kwa kipande cha waya, lifti inadanganyika kwamba mlango umefungwa. Akimaliza anautoa waya wake. Akisahau kuutoa, amewaachia watu mtego, na wao hawana habari.

Mafundi wote wanaijua hofu hiyo na kila mmoja ana namna yake ya kujilinda. Huyu wangu anatembea na nyaya tatu tu, nyekundu, ndefu kama mkono wa mtu. Mimi ndiye niliyezifunga vitambaa vya njano kwenye ncha, nilivyovikata kwenye gauni langu la zamani, zionekane hata kwenye giza la juu kule. Kila jioni akifika mlangoni anasimama, anaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, anazitoa mojamoja na kuhesabu kwa sauti. Ukimsalimia kabla hajahesabu haitikii. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimnunia wiki nzima kwa jambo hilo, nikidhani nimeolewa na mtu mwenye dharau. Siku hizi Kitinda akisikia hatua zake anakimbilia mlangoni wanahesabu wote wawili, halafu ndipo baba anavua viatu na kuwa baba.

Miaka ishirini na mbili nyaya zilirudi tatu. Hakuwa na kosa hata moja kwenye faili lake, na kampuni ikaliona hilo. Wakamwita wakamwambia Jumatatu inayofuata atapewa barua ya kuwa mkaguzi. Mkaguzi hapandi tena ngazi za chuma, anakuja kuangalia kazi ya wenzake na kutia saini. Nilifurahi kwa ajili ya magoti yale, nisiseme uongo, na nilifurahi pia kwa ajili yangu. Mpaka Ijumaa nilikuwa nimeshawaambia dada yangu, majirani wa kulia na wa kushoto, na mama anayetusukia nywele. Mdomo wangu hauna breki.

Jumamosi yenyewe tulikuwa na ahadi na Kitinda. Kulikuwa na filamu ya katuni, ya mashujaa wanaoruka, na darasa zima lilikuwa limeshaiona isipokuwa yeye. Wiki tatu alikuwa akinisimulia vipande alivyosimuliwa na wenzake. Filamu ilianza saa nane mchana. Baba yake alikuwa na kazi moja tu asubuhi, lifti ya jengo la ghorofa tano lenye kliniki ya macho ghorofa ya nne, akasema saa sita atakuwa amerudi. Saa sita ikapita. Nikapiga simu, akasema anamalizia. Nikapiga ya pili. Nikapiga ya tatu. Ya nne hata sikumsalimia. Nilimwambia mtoto amekaa na viatu miguuni tangu asubuhi, na kama anaipenda hiyo lifti kuliko sisi, basi ahamie humo humo.

Akaja mbio. Tulikutana naye mlangoni mwa ukumbi wa sinema, begi la vifaa mgongoni, jasho linamtiririka, grisi kwenye sikio. Nyumbani hakupita. Nilimfuta sikio kwa leso yangu, tukanunua bisi, tukaingia. Kati yetu watatu hakuna aliyekumbuka kuhesabu.

Filamu ilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea. Ni msichana mfua nguo, anavaa kinyago cha kijani, na mikono yake inaweza kubeba uzito wowote. Mji mzima unampenda. Siku moja anawaringia watu, anaruka juu kabisa na kutua kwa kishindo kwenye ukuta wa bwawa, na ukuta unapata ufa. Hakuna aliyeona. Naye anaogopa wakijua hawatampenda tena, basi anakaa kimya. Kila siku anakwenda kwa siri kuuzuia ule ufa kwa mikono yake, na huko mjini watu wanamchongea sanamu. Siku ya kuzindua sanamu anapewa shada la maua, anatabasamu, na sisi tunaona maji yanavyochuruzika.

Baba Kitinda hulia kwenye katuni. Kwenye misiba yuko kama gogo, lakini mchoree msichana mwenye macho makubwa, mwisho wake ni kamasi. Nikamwona anaingiza mkono mfukoni kutafuta leso. Wakati uleule Kitinda, ambaye alikuwa ameshashindwa kuvumilia, akasema kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia:

"Si aseme tu."

Watu wakacheka. Nikageuka nimwambie mume wangu amesikia mwanawe anavyotuaibisha. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika nyaya mbili, zile za vitambaa vya njano, amezikodolea macho kwa mwanga wa filamu. Akaingiza tena mkono mfukoni, akajipapasa suruali, akafungua begi chini ya kiti akapekua. Halafu akasimama, akapita juu ya miguu ya watu bila kuomba radhi, akatoka. Mtu huyu hupiga chafya akaomba radhi. Nikajua kuna jambo, nikamwambia Kitinda asiondoke pale alipo, nikamfuata.

Nilimkuta kwenye korido, kaegemea ukuta uliobandikwa picha ya yule yule msichana wa kijani, simu mkononi. Akaniambia waya mmoja umebaki kule kwenye lifti ya kliniki. Lakini nisikudanganye kwamba niliwafikiria wagonjwa kwanza. Nilifikiria Jumatatu. Niliiona ile barua inachanika. Akili yangu ikakimbia haraka ajabu, ikanipeleka kwa fundi mwenzake, rafiki yake wa siku nyingi anayekaa jirani na jengo lile.

"Mpigie mwenzako," nikamwambia. "Dakika ishirini atakuwa ameshautoa. Nani atajua?"

Akanitazama. Hakunikasirikia, na ingekuwa nafuu kama angenikasirikia.

"Dakika ishirini hizo," akasema, "nani atapanda?"

Akapiga simu ya mlinzi wa jengo. Aliiweka sauti ya wazi, ndiyo maana nilisikia kila neno. Alisema yeye ni fundi aliyekuja asubuhi, kwamba amefanya kosa, na lifti ile ni hatari kwa yeyote atakayeingia. Akamwelekeza asubiri ifike chini, aangalie haina mtu ndani, kisha azungushe ufunguo wa kuizima na kukaa mlangoni mtu asiikaribie. Mlinzi alikuwa mzee mwenye sauti ya taratibu. Alikwenda, tukasikia viatu vyake, tukasikia mlio wa funguo. Aliporudi akasema imezimwa. Kisha akaongeza, kama mtu anayeeleza habari ya hali ya hewa, kwamba muda si mrefu uliopita lifti ilianza kupanda mlango ukiwa bado wazi, na mama mmoja akawahi kuvuta kigari cha mtoto wake nyuma. Yeye alidhani ni uchakavu tu.

Mume wangu akachuchumaa pale pale kwenye korido, na magoti yake yale. Mlinzi akasema itabidi aandike kwenye kitabu, maana kliniki haizimiwi lifti bila sababu, na msimamizi atataka kujua ni nani.

"Andika jina langu," akamwambia. "Andika nakutajia herufi mojamoja."

Akamtajia. Nilisimama pale nikilisikia jina ninaloitwa nalo mke wa fulani likiandikwa kwenye kitabu cha makosa, nikatamani kumpokonya ile simu.

Tulimtoa Kitinda ndani, filamu haijafika mwisho. Alilia, kisha alipomwona baba yake usoni akanyamaza. Kwenye teksi baba yake akamweleza wazi wazi kama anavyozungumza na mtu mzima: nimesahau waya, lifti ingeweza kuua mtu, nakwenda kuutoa. Mtoto akauliza kama ameshawaambia watu. Akasema ndiyo, ameshawaambia. Kitinda akanigeukia mimi, akataka kujua na mimi nilisemaje. Nikamwambia kwamba baba na mimi tulikubaliana apige simu. Neno likatoka laini kabisa. Baba yake alikuwa anatazama dirishani, akaendelea kutazama dirishani.

Kule kwenye jengo hakuna aliyetupokea vizuri, na kwa nini watupokee vizuri. Alipanda ngazi mpaka juu kabisa, akautoa waya, lakini hakuiwasha lifti. Alisema lazima fundi mwingine aje aikague upya ndipo iwashwe, utaratibu ni huo. Maana yake ni kwamba wagonjwa wa macho waliokuwa ghorofa ya nne walipaswa kushuka kwa miguu, wengine wamefungwa bandeji. Basi akawashusha. Wale wenye nguvu aliwashika mkono ngazi baada ya ngazi. Bibi mmoja mnene aliyefungwa macho yote mawili walimbeba kwenye kiti, yeye na mlinzi, na yule bibi njia nzima anawaelekeza kana kwamba yeye ndiye anayeona. Kila aliyefika chini alimwambia samahani, kosa ni langu. Bwana mmoja mwenye tai akamtukana matusi ambayo sitayarudia, mbele ya mtoto wetu. Akayapokea yote akamwambia samahani tena. Nilikuwa nimeshavuta pumzi nimjibu yule bwana kwa niaba ya ukoo mzima, lakini mume wangu akanipa jicho, nikameza.

Jumapili aliandika ripoti mezani, na Jumatatu akaipeleka mwenyewe, hakungoja kuitwa. Mkubwa wake akamshukuru kwa kusema kweli, akampa mkono, halafu akamnyima ukaguzi. Ulikwenda kwa mwingine. Yeye akapewa mwezi mmoja wa kukaa nyumbani na mtihani wa kurudia, mtihani wanaofanya vijana wanaoanza kazi. Baada ya hapo ni ngazi za chuma kama kawaida.

Nilikasirika. Nilikasirika na kampuni, nikakasirika na yule mzee wa kitabu, na zaidi nilikasirika naye. Siku tatu chakula nilikuwa naweka mezani bila neno. Kisha nikaiona nakala ya ripoti yake juu ya friji nikaisoma nimesimama. Penye sababu ya kosa alikuwa ameandika maneno mawili: haraka yangu. Nilitafuta simu nne. Niliitafuta ile ya nne hasa. Haikuwepo popote. Nikamwendea nikamuuliza kwa nini hakuandika kwamba mke wake alikuwa anampigia kelele. Alikuwa anakaza mguu wa meza, hata hakuinua kichwa.

"Simu haikushika waya," akasema. "Mimi ndiye niliyeshika."

Nikaenda chooni nikalia nikiwa nimefungulia maji. Mwanamume yule yule wa kupanda juu ya kiti kwa sababu ya mende. Nilimpenda mpaka nikahisi aibu, kwa sababu kwa majirani nilikuwa nasema kampuni imemwonea, na kwa mtoto nilikuwa nimesema lile neno la kwenye teksi, na Kitinda alikuwa ameshalibeba mpaka shuleni. Mwalimu wake alinisimamisha getini kunipongeza. Aliniambia binti amesimulia darasani jinsi baba na mama walivyokubaliana kusema ukweli. Nikasema ahsante mwalimu.

Wiki ya pili ya ule mwezi wa kukaa nyumbani, baba akasema deni la filamu liko pale pale, twende tukaimalize. Tulikwenda siku ya katikati ya wiki baada ya shule. Ukumbi ulikuwa na watu saba. Alipoingia kwenye lifti ya pale, ambayo si ya kampuni yake kabisa, alikagua dari kama kawaida yake, mpaka Kitinda akamvuta shati.

Safari hii tuliona mwisho. Yule msichana anapanda juu ya ukuta wa bwawa, anavua kinyago, anawaambia watu wote kwamba ni yeye aliyeupasua, waondoke bondeni haraka. Wanaondoka. Ukuta unaanguka, maji yanabeba sanamu yake, na watu wote wamepona. Kisha inatokea sehemu ambayo mimi sikuipenda. Mji mzima unapiga makofi. Wanambeba mabegani, muziki unapanda, hata wale waliopoteza nyumba wanacheka. Nikasema moyoni, bwana mwenye tai yuko wapi hapo. Walivyotuonyesha hofu yake walipatia, na walivyoonyesha ile kazi ya kufungua mdomo walipatia kabisa. Makofi tu ndiyo waliyotia chumvi.

Taa zikawaka. Baba Kitinda alikuwa ameloa mpaka kola, akaenda kunawa uso. Tukabaki wawili tumekaa, Kitinda anaokota bisi za mwisho ndani ya ndoo yake.

"Baba hakupigiwa makofi," akasema.

Nikakubali kwamba hakupigiwa.

"Lakini wewe ulimpigia. Siku ile kule nje. Si mlikubaliana?"

Alinitazama kwa macho ya mtu anayejua jibu na anataka tu kulisikia tena kwa sababu ni zuri. Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua. Baba yake asingenisema hata siku ya mwisho wa dunia, nilikuwa nimeshaliona hilo kwenye ile karatasi juu ya friji.

"Hapana," nikamwambia. "Mimi nilimwambia afiche. Nilikudanganya kwenye teksi."

Akaacha kuokota bisi. Niliona jinsi alivyokuwa analipanga upya lile jambo kichwani, ananitoa mahali aliponiweka na kutafuta pengine pa kuniweka. Mwishowe akauliza kama niliogopa. Nikamwambia niliogopa sana, niliogopa barua ya kazi isije ikapotea, na yule mtoto wa kwenye kigari hata sikumfikiria. Hapo machozi yakanitoka bila mpango. Kitinda akaniangalia, na yeye midomo ikaanza kumcheza, akapanda juu ya mapaja yangu ingawa ameshakuwa mkubwa na mzito, tukalia wote wawili mbele ya mfagiaji aliyekuwa anasubiri tuondoke.

Ndivyo baba yake alivyotukuta. Alisimama mwisho wa mstari wa viti, maji yanamdondoka kidevuni, rangi imemtoka, akatuuliza nani amekufa.

"Hakuna," Kitinda akamjibu. "Hakuna mtu aliyekufa, baba."